Doa Lisilopangusika

Rafiki yangu Wafula,

Tangu tukuzike Misikhu sijatulia. Kila jioni mawingu yanapoachana napanda paani, nashuka, napanda tena. Kando ya soko wamesimamisha mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, na mwanga wake umefunika upande wetu wa kusini. Zile nyota nne za Msalaba wa Kusini zingali zinaonekana. Ninalolitilia shaka ni lile kundi la nyota lililo juu yake, kushoto. Doa hafifu tulilolitafuta kila mwaka.

Kanuni yetu unaijua: mmoja atazame, anyamaze, asogee; mwenzake atazame; kisha tuseme kwa pamoja tulichokiona. Tusipolingana, hakuna kilichoonekana. Ulizoea kunitania: "Mwalimu, wewe unaona na hamu, si na macho." Sasa nikielekeza darubini, doa lipo, lakini sina wa kulingana naye. Je, ni nuru, au ni kumbukumbu? Ikiwa jicho langu laweza kulibuni doa lile, basi huenda hata wewe, sauti yako, kicheko chako, nimeanza kukubuni. Wazo hilo... siliwezi.

Jana mkeo alikuja kuichukua darubini yako ampelekee binti yenu, Nekesa, huko Misikhu. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Nilimwomba apande nami, nikamwonyesha Msalaba, nikamwambia apeleke darubini polepole juu, kushoto. Zaidi ya hapo sikusema neno. Alilalamika ngazi nzima:

"Nyinyi bana! Si nyota ziko hapo hapo tu? Ati mpaka tupande juu?"

Alitazama kwa muda, kisha akakunja uso.

"Shemeji, hii kioo yenu iko chafu. Iko na doa."

Akaipangusa kwa leso. Akatazama. Akaipangusa tena, kwa nguvu.

"Haitoki. Na nikisongesha, inabaki na zile nyota."

Tulilingana, Wafula. Nilipomweleza ni nini, aliuliza jambo moja tu: "Na yeye alikuwa anaona hii?" Nikamjibu ndiyo. Hakunirudishia darubini hadi mawingu yalipofunga.

Asubuhi hii darubini imeondoka naye. Nimebaki na macho matupu, na miguu ingali inaielekea ngazi. Pumzika, ndugu yangu. Nitafika Misikhu anga ikitakata. Nekesa atatazama kwanza, nami, naahidi, nitanyamaza.

Wako wa paani, Kitale.