Kingamwili Kwenye Friji ya Dawa za Ngamia

Garissa, Jumanne, Machi 1996

Joto la leo si la kusimulia. Feni ya maabara imekufa tangu Ijumaa, koti jeupe limenigandama mgongoni, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshagombana na watu watatu. Wawili walistahili.

Wa kwanza ni mwenye duka la dawa za mifugo, kule karibu na soko la ng'ombe. Miezi mitatu nawasumbua watu wa Nairobi kwa simu juu ya kichupa kimoja tu, kumbe kiko hapa hapa mjini! Siku kumi na moja kimekaa kwenye friji yake, katikati ya chanjo za mbuzi na dawa za ngamia. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinishangaa mimi.

"Abaayo, dada yangu, hapa boksi ya baridi yote ni ya mifugo. Lakini sisi tuliweka fizuri. Friji yangu haizimi kama yenu."

Kweli haizimi. Nikazidi kukasirika.

Wa pili ni karani wetu wa bohari. Alitaka kichupa kikae juu ya meza yake, kwenye jua la dirishani, mpaka fomu tatu zitiwe sahihi. Nilikinyakua nikaondoka nacho. Fomu atazitia sahihi yeye mwenyewe akipenda.

Ngoja nieleze, maana nikija kuyasoma haya uzeeni nitakuwa nimesahau. Ndani ya kichupa mna kingamwili inayonasa vipokezi vya estrojeni, ile homoni ya kike. Unakata nyama ya uvimbe nyembamba kuliko karatasi, unailaza juu ya kioo, unaidondoshea kingamwili, kisha rangi. Chembe zikigeuka kahawia, saratani hiyo inastawi kwa homoni, na kuna vidonge vya kuizuia. Zisipogeuka, vidonge ni kazi bure. Vioo lazima vichemshwe kwanza, kwa hiyo hata sufuria yangu ya presha imehamia maabara. Nyumbani maharagwe tumeyasahau.

Yote haya ni kwa ajili ya Mama Habiba, muuza maziwa ya ngamia, aliyekatwa titi la kushoto mwezi wa Desemba. Vidonge alivyo navyo daktari wa upasuaji vinamtosha mgonjwa mmoja tu. Hatampa mpaka apate jibu langu.

Huyo daktari ndiye mtu wa tatu, na hakustahili. Alikuja anatabasamu, akauliza kipande cha uvimbe kiko wapi tuanze. Nikamfokea kwamba maabara si jikoni, asinikimbize. Sufuria ya presha ilikuwa mbele yetu sote wawili.

Kipande hakipo.

Nalijua hilo tangu Desemba. Baada ya upasuaji daktari aliniambia nikate vipande viwili nivihifadhi, kilichobaki wapewe jamaa wakazike, kwa kuwa kiungo cha Muislamu hakitupwi. Nikasema nitakata kesho. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya tatu, baada ya alasiri, akaja Hassan, kaka yake Mama Habiba, na kitambaa cheupe amekikunja vizuri mikononi. Mimi mwenyewe ni Muislamu, mtu wa Malindi. Mguu wa mjomba wangu tuliuzika vivyo hivyo. Niliona haya kuchukua kisu mbele yake na kumega nyama ya dada yake. Na kichupa wakati ule kilikuwa maneno tu, nani aliamini kingefika? Nikampa chupa nzima ya fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, na kila kilichokuwa ndani.

Kwa hiyo kila nilipopiga simu Nairobi nikigomba mpaka opereta akanijua kwa sauti, moyoni nilikuwa naomba kisifike. Nimeliandika. Sasa nimeliandika.

Saa saba Mama Habiba akaja mwenyewe. Mji huu habari haifichiki.

"Dada, ile dawa ya kubima imefika? Alhamdulillahi. Mimi nilisema, huyu dada hawezi kusahau mimi."

Akaniachia chupa ya maziwa. Nami nikaipokea! Ningewezaje kuipokea? Iko hapa mezani, sijaigusa, na ninajichukia kila nikiitazama.

Anayo tezi moja imevimba kwapani. Daktari anaweza kuikata, na kipimo kitafanyika. Njia ipo. Ila ni kisu tena, maumivu tena, kwa sababu mimi niliona haya kwa dakika moja.

Kesho nitamwambia daktari kwanza. Kisha nitamrudishia Mama Habiba chupa yake na kumwambia ni mimi, si friji, si Nairobi, si karani. Kisha Hassan, na huyo ndiye ninayemwogopa. Siku ile aliinua chupa ya fomalini kwenye mwanga, akaitazama sana, akaniuliza: "Walaal, dada, hii ni yote? Hakuna imebaki kwenu?"

Nikaweka mkono kifuani. "Wallahi, hakuna iliyobaki."

Alinishukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Kesho nakwenda kumwomba kipande kingine cha dada yake.