Kikombe cha Mutoto wa Kaltumu

Niyigena binti yangu,

Maharagi iko kwa makaa. Ongeza maji, isiungue kama ile ya juzi. Kuku hawajakula bado.

Asubuhi nilipika uji ya watoto wa mutaa kama kawaida. Wamama wakakuja, lakini bila watoto. Kila mumoja alitoa kikombe cha mutoto wake pale kwa musumari, akasema "Asante Mama," hata kuniangalia usoni hapana. Nikauliza mumoja wao, Mukandayisenga, "Nimewakosea nini?" Akajibu chinichini, "Bizumuremyi alipita kwetu jana. Hataki mutoto aonekane tena hapa."

Sababu unaijua. Mi na Kaltumu tulisema mbele ya mukutano kwamba huyo Bizumuremyi, mukubwa wa mutaa, anauza unga ya musaada ya hao watoto. We ukanicheka, "Mama, huo mudomo!" Bon, leo mudomo imekauka.

Kimebaki kikombe kimoja, kile cha kijani, cha mutoto wa Kaltumu. Yeye hakukuja, na simu yake imezimwa. Napanda pikipiki, naenda kwake Nyamyumba. ~~Nitarudi mbele ya chakula.~~ Kula, usiningoje. Nimesali, Mungu iko na mi.

Kaltumu akikuja mwenyewe, mupe uji na ufunge mulango. Lakini mutu mwingine akikuja kuomba hicho kikombe, aseme Kaltumu amemutuma, usimupe: huyo ametumwa na Bizumuremyi. Mwambie unaenda kukitafuta, pita mulango ya nyuma, kimbia kwa pasta.

Mama yako