Mwalimu Rudia, Msomaji wa Majina

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipouliza nani kaficha kalamu yako, nayo ilikuwa mfukoni mwa shati ulilovaa. Ukatuaga, ukaenda chuoni, hukurudi. Presha ilikukuta ofisini, kitini pako, chai ikiwa bado ina moto. Waliokuja kutuambia walikuwa wanafunzi wako, na hakuna hata mmoja aliyejua aanzie wapi.

Mimi Chiriku, binti yako mkubwa, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika. Wamesema mdomo wangu hauna breki, basi na kalamu itakwenda tu. Haiendi, Baba. Nimeanza nikaacha, nikaanza tena, na kila mara nakwama penye ile chai.

Darasani walikujua kama mwalimu wa hesabu. Waliokaa chini ya turubai siku ya mahafali walikujua kwa sauti. Bendi ikishanyamaza, walimu wakishaingia kwa maandamano na majoho yao yanayonuka dawa ya nondo, na siwa, ile fimbo kubwa ya heshima ya chuo, ikishalazwa mezani, ulisimama wewe kwenye kipaza sauti kuwaita wahitimu mmoja mmoja. Uliyemwita alisimama, akaenda mbele kutunukiwa, akahamisha kishada cha kofia yake kutoka kulia kwenda kushoto, akarudi kitini mtu mwingine.

Hukutaka kulikosea jina la mtu. Mahafali yakikaribia uliwaita wahitimu ofisini kwako. "Sema jina lako." Mtu anasema. "Rudia." Anarudia. "Rudia tena, usiogope, si la kuazima." Ndiyo maana wakakubandika jina la Mwalimu Rudia, nawe ukajifanya hujui.

Nyumbani nako hatukupona. Ulizunguka sebuleni umeshika mwiko kama kipaza sauti, ukisoma majina ya watu tusiowajua, na sisi ilibidi tusimame kwa niaba yao. Mama amehitimu uhandisi mara nyingi tu huku akikatakata vitunguu. "Mhitimu, simama vizuri," ulimwambia, naye akakujibu kwamba mhandisi akisimama vizuri mboga itaungua.

Na haraka hukuwa nayo. Ulisoma jina, ukainua macho, ukangoja mpaka mwenyewe asimame wima, ndipo ukaenda kwa mwingine. Mkuu wa Chuo akitazama saa yake, wewe ulitazama watu. Mama alikulaumu kwamba unawachosha wazazi wa wenzio kwenye joto, ukamwambia, "Mtu kaingoja siku hii maisha yake yote, mimi nimkimbize niwahi chakula?"

Mtu mmoja tu ulimkosea, na mtu huyo ni mimi. Wiki nzima ulilifanyia mazoezi jina langu, hata bafuni tulikusikia. Siku ilipofika ukashika kipaza sauti, ukainua macho, ukaniona katika joho lililonizidi urefu, na jina lote likakuruka. Ukaita, "Chiriku wangu!"

Turubai zima liliangua kicheko. Mkuu wa Chuo alicheka mpaka kofia ikamwinamia sikioni. Nilisimama nimevimba kwa hasira, nikapita mbele yako bila kukutazama, na wewe ulikuwa unafuta macho kwa ncha ya joho. Cheti changu kina jina kamili, lakini kazini kwangu hata mlinzi wa getini ananiita Chiriku. Nilinuna hadi jioni. Leo ningetoa chochote nilisikie tena.

Kitindamimba wetu, Kobe, alikuwepo akashuhudia aibu yangu yote. Wewe ndiye uliyempa jina hilo, kwa kuwa kumwamsha asubuhi ni kazi ya ukoo mzima. Alipoingia chuoni kwako alikuwekea sharti mezani, mbele yetu sote. "Baba, siku yangu ukiniita Kobe, sisimami. Nitakaa pale pale mpaka viti vikusanywe." Ulicheka chai ikakupalia. Ukaapa utamsoma herufi kwa herufi, kama alivyoandikwa.

Ulituacha akiwa ndiyo kwanza anaingia mwaka wa mwisho. Alisoma, Baba. Alisoma bila kuongea na mtu, akafaulu vizuri. Halafu chuo kilipotangaza mahafali akatuambia haendi. Joho hataki, picha hataki. Cheti atakichukua dirishani pa ofisi, yaishe.

Mama hakubishana naye, alitoka tu akaanua nguo ambazo hazijakauka. Shangazi ndiye aliyewaka. Unamjua dada yako. "Kaka yangu kawaita watoto wa watu miaka yote, leo wa kwake akachukue cheti dirishani kama anayefuata kifurushi?" Kobe akamjibu kwa upole, "Shangazi, aliyekuwa anisome hayupo. Nikasimamie nini?" Nyumba nzima tuliogopa kwamba akikataa siku hiyo, hatasimamia tena kitu chochote chako.

Nafasi yako ya kusoma majina wamempa mwalimu kijana, yule mwanafunzi wako aliyekuwa akija kula kwetu na kuondoka na vitabu vyako. Alikuja nyumbani bila kuitwa. Akakwepa kiti chako, akakaa kwenye stuli, akamuuliza Kobe aliyekuwa amesimama mlangoni, "Sema jina lako."

Kobe akasema, kwa shingo upande.

"Rudia."

Kobe alicheka kidogo, kisha akalia, kilio ambacho hatukukisikia hata siku ya maziko. Mwalimu kijana akamngoja, macho juu, kama ulivyokuwa ukiwangoja watu. Kobe alipoweza, akarudia.

"Rudia tena, si la kuazima."

Akarudia tena, kwa sauti. Alipomaliza alimgeukia Mama akauliza kama pasi inafanya kazi, maana joho lina mikunjo.

Mgeni alipoaga alimuuliza Mama pembeni, "Na hapa nyumbani mnamwitaje?" Najua alikuwa na nia njema. Mama alimshika mkono, akamwambia, "Hilo lina msomaji wake, mwanangu. Wewe soma lililoandikwa."

Jumamosi iliyopita tulikaa chini ya turubai, tukakuachia kiti kati ya Mama na Shangazi, na watu wawili walipotaka kukikalia Shangazi aliwatazama wakaondoka wenyewe. Bendi ikapiga, walimu wakaingia, siwa ikalazwa mezani. Mwalimu kijana alisoma bila haraka. Mkuu wa Chuo alitazama saa, na Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Ikafika zamu ya mwanao. Jina lilisomwa lote, jina lake, lako na la babu, herufi kwa herufi. Halikukosewa hata chembe. Kobe alisimama mara moja, yeye ambaye hajawahi kusimama mara moja kwa jambo lolote. Akaenda mbele, akatunukiwa, akahamisha kishada. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mama alipiga makofi huku analia, mkono mmoja ukirudirudi kwenye kiti chako.

Wahitimu walipotoka kupiga picha, tulimtafuta Kobe hatukumwona. Nilimkuta ndani ya turubai, amerudi kwenye kiti chake, kofia mapajani. Vijana wa viti walikuwa wanavipanga juu kwa juu na kupakia kwenye gari, wakimzunguka.

Nikamwambia, "Nyanyuka twende, bwana. Watu wa viti wanataka viti vyao."

Hakunyanyuka. Akasema, "Dada, kasoma vizuri sana."

"Kasoma vizuri."

"Mimi nilikuwa nangoja akosee."

Nilikaa kiti cha kando yake, tukabaki hapo mpaka vikabaki vile viwili tu, na vijana wakasimama mbali wakituangalia, hakuna aliyetuharakisha.

Tunakukosa, Baba. Nyumba imekuwa na adabu mno bila wewe. Kila mtu anaitwa jina lake.

Unakumbukwa na mkeo, mhandisi wako wa jikoni. Na Chiriku wako pamoja na mkweo, anayekuombea huku akiogopa kukalia kiti chako. Na Kobe, ambaye sasa ni mhitimu. Na dada yako, ambaye bado anawaka. Na wajukuu waliojifunza kusimama kwa kuitwa majina ya watu wengine. Na wote uliowaambia warudie.

Siku zetu zote tutakukumbuka. Tuite utakavyo, Baba. Tutasimama.