Nusu ya Kitita cha Saba

4 Machi

Kinda wangu,

Hujambo? Bibi yako naye, magoti yameacha kumsumbua? Mimi mzima, ila vidole vimejaa gundi kama kawaida.

Nina habari ya kukurusha kitandani. Kile kitabu cha pili cha majoka, tulichokisaka mpaka tukakata tamaa, kimeingia karakanani kwetu chenyewe. Mtu alikileta kishonwe upya, kisha hakurudi kukichukua. Kilikaa kabatini miaka miwili, bosi akachoka kukiona, akanipa. Jalada limeng'oka, lakini hakuna ukurasa uliopotea.

Sasa nisikilize kifundi. Kitabu hiki ni vitita kumi vya karatasi zilizokunjwa pamoja na kushonwa kwenye mkunjo. Nimevitenganisha, lakini uzi wa katikati ya kila kitita nimeuacha. Ukiuona huo uzi, ujue kimefika kizima. Kila mwezi nitasoma kimoja, kisha nikutumie. Ile sheria yetu ya kitabu cha kwanza, nilipokuwa nikikusomea ukingoni mwa kitanda chako, ipo palepale: hakuna kumtangulia mwenzako. Cha kumi nitakuja nacho mkononi Desemba mkataba ukiisha. Tutakisoma pamoja, halafu nitakishona chote mbele ya macho yako.

Ni mimi, baba yako.


11 Juni

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu na magoti yake yote mawili, na anauliza joka linakula nini siku zote hizo huko pangoni.

Kitita cha nne kimefika, na uzi wake. Baba, nimekasirika. Kitabu cha kwanza walikuwa wanaruka tu. Hiki cha pili joka limebaki ng'ambo ya milima na bawa lililovunjika, na msichana amekaa juu ya ukuta wa mji anatazama angani. Kurasa sitini anatazama angani! Rafiki yangu darasani anacho chote, akataka kuniambia mwisho wake. Niliziba masikio nikaimba mpaka mwalimu akanitoa nje.

Vitita naviweka chini ya mto kwa mpangilio. Nimehesabu, vimebaki sita.

Mwanao, Kinda.


28 Septemba

Kinda wangu,

Hujambo? Bibi hajambo? Mimi naendelea vizuri.

Kazi zimetubana mwezi huu. Nakutumia kitita cha saba. Ni chembamba kidogo, usijali, vitabu vina mambo yake. Mwambie Bibi joka linakula mbuzi.

Baba yako.


15 Oktoba

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kitita cha saba hakina uzi. Karatasi zilikuja moja moja, na kwenye mkunjo zimepitishwa kisu. Mkato umenyooka kabisa, kwa hiyo najua ni mkono wako. Zimeishia katikati ya sentensi: msichana anasikia kishindo cha mbawa, anainua uso, anaona. Basi. Anaona nini?

Nilikaa nikawaza kwa nini fundi akate kitita. Nimepata jibu moja tu: unataka kitabu kisiishe Desemba. Huji, sivyo?

Bibi anasema nisikuandikie hivi, mtu akiwa mbali anaumia mara mbili. Nami naumia, Baba. Nimeshamwambia kila mtu darasani kwamba unakuja.

Hiyo nusu nyingine usiitume. Nitaisoma ukiwa umekaa hapa ukingoni mwa kitanda, hata kama ni lini. Na wewe usiisome.

Mwanao.


21 Desemba

Mwanangu Kinda,

Hujambo? Bibi hajambo? Mwili wangu mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ni kweli. Nilitia sahihi mkataba wa mwaka mwingine mwezi wa nane, kwa sababu kazi ya kushona vitabu huko nyumbani haipo, na mimi sijui nyingine. Nikaogopa kukwambia. Nikaona nikikata vitita nusu nusu, labda hutagundua miezi inavyovutwa. Nilisahau ni mimi niliyekufundisha kutazama uzi. Nisamehe.

Nimemwomba bosi wiki mbili za kuja mwezi wa nne. Hajakubali, hajakataa. Safari hii sitakuahidi kitu ambacho sina mkononi. Karatasi nilizokata zitunze. Nikija nitaziunga kwa karatasi nyembamba mkunjoni, zishoneke tena. Kovu litaonekana, lakini zitashika.

Nusu yako sijaisoma, nilikuwa nimeiweka niisome na kuituma Oktoba. Nimeitia kwenye bahasha, nikaibandika kwa gundi ya kazini, ile isiyobanduka. Mafundi wenzangu nilikuwa nawasimulia kitabu hiki tukiwa mezani, na sasa hawanipi nafasi. Kila asubuhi wananiuliza yule msichana aliona nini. Nawajibu sijui, mwanangu bado hajasoma.

Baba yako.