Ubeti Nilioukuta Marui

Mwanangu Mwajuma,

Hamjambo hapo Kibaha, wewe na wajukuu zangu? Mimi mzima. Herufi hizi mbovu ni zangu mwenyewe, matunda ya kisomo cha watu wazima.

Unajua kwa nini sikukanyaga Marui tangu hujazaliwa. Binti Kibwana, yule mwimbaji, alinitungia wimbo ngomani kwamba mimi mgumba, na kijiji kizima kikauitikia. Safari hii nilikuja kumwambia usoni kwamba nilizaa.

Nimemkuta kwenye mihogo ya kijiji, kibogoyo, anawaimbisha wanawake wakipalilia. Wimbo ule ule! Damu ikanichemka. Mara wakaingia ubeti nisioujua:

“Asha kazaa, kamzaa Mwajuma;
nilimwita mgumba, maneno nayarudisha nyuma.”

Nikamuuliza, “Huu uliutunga lini, wewe mwanamke?”

“Wiki ile niliyosikia umejifungua. Kila msimu tunauimba. Ulikuwa wapi wewe na kiburi chako?”

Nimelia, nikacheka, nikamwambia siku hizi ana sauti ya bata. Akanitupia jembe. “Bata anaimba, wewe lima!”

Mwanangu, miaka yote hii jina lako linalimiwa mihogo huku, na mimi nimekaa Kibaha nimenuna. Namshukuru Mungu, na yule kibogoyo pia, kwamba leo nimeuitikia ubeti huo kwa kinywa changu. Viganja vimetoka malengelenge, moyo mweupe.

Mungu akutunze, wewe uliyenipatia ubeti.

Mama yako,
Asha