Jina Lililoitwa Mara Mbili

Iloilo mjini, 3 Februari 2017

Mama mpendwa,

Naushika mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, shikamoo yetu, kutoka huku. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima.

Nimeandika kwa sababu simu ni ya Nang Consing, na jirani yule akisikia neno, mtaa mzima umesikia. Mama, chuo kimeturuhusu kuandikisha majina tunayojiita wenyewe. Nimeandikisha Rowena, na walipouliza mwanamume au mwanamke, nikasema mwanamke. Huku hakuna tena aniitaye Toto, kama mvulana. Naitwa Inday, kama binti. Machi nitapewa medali ya masomo, na mzazi ndiye humvisha mwanawe. Naomba uje.

Mwanao


Estancia, 14 Februari 2017

Toto mwanangu,

Mgongo haujambo, kilichonikondesha ni barua yako. Nimeisoma chooni nisionekane. Ati wanakuuliza uitwe yeye wa kike au yeye wa kiume? Katika lugha yetu huku yeye ni yeye, awe wa kike au wa kiume. Mambo ya Kiingereza mwachieni Mwingereza. Bango la kukupongeza nimeshalitundika getini, jina Ruel, na picha yako ya shule. Hata padri ameliona. Sasa uso wangu niufiche wapi? Kawaambie wakurudishie jina nililokupa. La sivyo, siji.

Mama yako


Iloilo mjini, 20 Februari 2017

Mama,

Naushika mkono wako. Nimelirudisha. Njoo.

Mwanao, Ruel


Iloilo mjini, 27 Machi 2017

Mama,

Sijui nikusalimie kwa uso gani. Nilikudanganya, sikurudisha kitu. Nilidhani siku ikifika nitapata ujasiri. Walipoita Rowena Dumalagan niligeuka nikakuona na gauni lako la kanisani, unangoja jina jingine. Wakaita tena. Nikainamia viatu vyangu, wakapita kwa mwingine. Nikatokea mlango wa nyuma, nikakuacha peke yako mji wa watu na kikapu chako cha chakula. Nilikuonea haya wewe, kisha nikalionea haya jina langu mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Usipojibu, nitaelewa.

Mwanao


Estancia, 23 Aprili 2017

Inday,

Mimi mzima, ila kila nikishika kalamu haya inanijaa, ndiyo maana nimechelewa. Nilijua ni wewe tangu walipoita mara ya kwanza. Ningesimama mimi, na wewe ungesimama. Nikabaki kitini kwa kuogopa watu ambao simjui hata mmoja wao. Aibu ni yangu, usinibebee.

Ukumbi ulipobaki mtupu nilikwenda mezani kuomba medali. Mwalimu akaniuliza mimi ni nani. Nikasema, "Mimi mama yake Rowena." Ulimi ulikuwa mzito, lakini alinielewa, akanipa.

Bango nimelishusha. Nang Consing hakukawia kupita. "Mbona limeshuka, kwani mwanao kafeli?"

Nikamwambia, "Yeye kafaulu. Aliyefeli ni mimi." Akaondoka mbio, na sasa mtaa mzima umesikia.

Medali nimeifunga kwenye leso. Njoo na gauni ulipendalo. Mzazi ndiye humvisha mwanawe, nami bado sijakuvisha.

Mama yako