Jani la Isale Kwenye Ukurasa wa Herbert

Mwika, Moshi
14 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Jesse,

Hamjambo huko Mwanza, wewe na Brenda na watoto? Kifua cha Brenda kimepona? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ingawa usingizi umetukimbia. Ng'ombe amezaa dume, mvua bado, na migomba kihambani imeanza kunyong'onyea. Nimekupigia tangu mchana hupatikani, ndiyo maana nakuandikia kwa barua pepe. Ukiisoma tu, nipigie.

Krismasi ulipokuja ulitueleza habari za ile tovuti uliyoitengenezea kampuni anayofanyia kazi kaka Herbert, tunapoangalia kila siku amefika kambi gani na wageni wake mlimani. Ulisema zamani mtambo ukipata hitilafu ya ghafla ulikuwa unamwaga maandishi ya Kiingereza na namba za kutisha watu. Ukayaondoa, ukaweka ukurasa wako mwenyewe: picha ya jani la isale, jani letu la kuombea msamaha, na chini yake, "Tunaomba mtusamehe." Nilikusifu kweli. Nikasema huyu ni Mchagga hasa, anajua kuomba radhi. Mama, shangazi yako, hakuwepo siku ile, alikuwa kanisani.

Jesse, wote wawili tulisahau. Wazee wa yule dereva aliyemgonga baba akafa, walipokuja nyumbani kwetu walikuja na isale. Mama alilipokea, maana isale halikataliwi, akasamehe. Tangu hapo hakuna aliyeleta jani hilo mlangoni kwetu.

Wiki iliyopita mama alirudi kutoka kukata majani ya ng'ombe, akachukua simu yangu ili amwangalie mwanawe. Pale inapokaa picha ya Herbert akakuta isale. Alikuja jikoni ameishika simu kwa mikono miwili. Akaniambia taratibu, "Elisifa, wameniletea tena. Hili silipokei."

Nikamweleza kwamba ni mtambo tu. Wapi! Nilipotaka kubonyeza pale palipoandikwa mtu ajaribu tena, akanikamata mkono kwa nguvu, akisema nikiligusa tutakuwa tumelikubali. Jirani yetu Mama Yuditha aliposikia akaanza kupanga viti vya msiba uani, na mzee wa kanisa akaja na Biblia yake. Hata mimi niliyejua ukweli nikaingiwa na hofu. Ukiona watu wanapanga viti kwenu, kujua hakukusaidii kitu. Kampuni hawapokei simu, Herbert mwenyewe hapatikani. Jioni ndipo alipopiga, anauliza kama ndama ananyonya vizuri. Mama alilia mpaka presha ikapanda, tukampeleka zahanati.

Nakuomba kwa upole, ila nakuomba leo: litoe jani hilo. Andika tu kwamba mtambo umekwama, kwamba hiyo si habari ya mtu yeyote aliye mlimani, na uweke namba ya simu inayopokelewa. Mtu anayemtafuta ndugu yake hataki kuombwa radhi kabla hajaambiwa kuna nini. Najua ulifanya kwa moyo mzuri, wala sikugombezi.

Juzi Herbert amepanda tena. Mama sasa hataki hata kuishika simu, ananituma mimi nimtazamie. Leo mchana nimefungua. Isale. Nimebonyeza, nimebonyeza tena, ni isale. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama usoni. Nikamwambia, "Amefika kambini, mama, ni mzima."

Hivi sasa yuko nje anamenya ndizi, na anaimba. Mimi nimejifungia chumbani, nakuandikia. Najiambia ni mtambo tu, kama nilivyomwambia yeye wiki ile, na moyo haukubali. Naogopa, Jesse. Kaka sijui yuko wapi, na humu ndani hakuna tena ninayeweza kumuuliza.

Nisalimie Brenda na uwabusu watoto. Mjomba Aminieli na Kornelia wanawasalimu sana. Shangazi yako naye angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia. Mungu awafunike huko mliko, na amfunike Herbert popote alipo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Elisifa